Moshi haukufua dafu, foronya ikafua

Hapa Wete, Pemba, kila mtu daktari wa kuku. Sema tu kuku wangu wana chawa, hujameza mate ushapewa dawa tano, na kila mwenye dawa anakuapia wallahi kwake walikwisha siku ile ile. Mie nimepewa zote: mafuta ya taa, maji ya tumbaku, sabuni ya unga, dawa ya mbu ya kopo, na mzee mmoja barazani akaniambia niwanyoe. Niwanyoe kuku! Sasa kuku wangu ni safi, na najua kwa sababu nawapekua kwa mikono yangu miwili, kwa hiyo leo zamu yangu na mimi kusema.

Nilishtuka kwa koo mmoja, kuku mama, aliyekuwa kalalia mayai. Koo wa kwetu akilalia humtoi kwa fimbo, lakini huyu alikuwa anaacha mayai kila saa, anatoka nje, anajidonoa mpaka anapepesuka. Na wenziwe nao kutaga kumepungua. Nikamkamata, nikampindua, nikafunua manyoya chini ya mkia. Hapo ndipo pa kutazama, msipoteze muda mgongoni. Ngozi imeiva nyekundu, na vidudu vya rangi ya majani makavu vinakimbilia gizani kwenye manyoya. Kwenye mashina ya manyoya kuna vibonge vyeupe vimegandamana, ukivivuta havitoki mpaka ung'oe na unyoya wenyewe. Hayo ndiyo mayai yao. Ukishaviona vibonge hivyo huna haja ya kuuliza mtu.

Maana wengi humu mtaani wanachanganya. Utitiri mwekundu mchana unajificha kwenye nyufa za banda na kwenye fito, usiku ndio unapanda kunyonya damu. Ukimpekua kuku saa sita mchana huuoni, ukienda usiku na tochi unauona umetapakaa. Kiroboto wa kuku anajigandika usoni, kwenye kilemba na kando ya macho, habanduki. Chawa ni mkaazi. Anazaliwa juu ya kuku, anakula magamba ya ngozi na manyoya, anataga hapo hapo na anafia hapo hapo. Akianguka chini, wiki ikifika ni muujiza. Basi mtu anayekwambia uanze na kuta za banda anakutibia utitiri, na wewe una chawa.

Shemeji yangu mchumaji karafuu hakuwa na habari hiyo. "Shemeji," kaniambia, "chawa gani atakaa mbele ya makonyo?" Asiye wa Pemba nimwambie: karafuu ikishachambuliwa, vile vijiti vyake ndiyo makonyo, na mengi hupelekwa kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Yeye alikuwa na polo zima limebaki nyumbani. Mpango wake: magharibi kuku wakishaingia, tuwashe makonyo na majani makavu ya mwarobaini ndani ya karai bovu, karai liingie bandani, mlango ufungwe, tusubiri. Nilimwambia kuku watakufa. Akasema moshi wa karafuu haujaua mtu.

Makonyo yana mafuta, jamani. Hayakufuka kidogo kidogo. Dakika ile ile moshi mzito, mweupe, ukaanza kutoka kwenye makuti pande zote, na ndani kuku wanapiga kelele za kuchinjwa. Shemeji kashika mlango, ananiambia subiri, subiri, ndio inafanya kazi. Jirani wa upande wa pili kaona paa linafuka, kaja mbio na ndoo ya maji huku anapiga ukelele wa moto, na hakuuliza mtu: kampiga kikumbo shemeji, kafungua mlango, kamwaga ndoo nzima. Kuku wakatoka kwa pamoja. Tetea mmoja kapanda mwembe, kalala huko huko. Jimbi alipatikana asubuhi uani kwa watu. Watoto wa madrasa walikuwa wanapita, wakakaa kutazama, mpaka leo wakiniona wanacheka.

Moshi ulitoka, kuku walitoka, na chawa walitoka nao, wamepanda migongoni. Asubuhi nilimkamata yule koo nikampindua. Mara yangu ya kwanza kumshika kuku hai ananukia pilau, na chini ya mkia vidudu vinakimbizana vile vile. Shemeji akasema moshi ulikuwa haujatosha.

Mafuta ya taa sikuyajaribu, nashukuru, kwa sababu nilishaona kwa mtu. Jirani yuleyule wa ndoo alimpaka tetea wake, akamwacha juani, ngozi ikababuka kifuani na chini ya mbawa, akawa hali wala hanywi. Mayai nayo yakanuka. Anayewafundisha watu mafuta ya taa angeanza kujipaka mwenyewe kwapani akakae juani, kisha atupe habari.

Mtu aliyesema la maana ni mkwe wangu, na wala hakulisema kwa kutoa dawa. Alikuja kututazama, kakaa kibarazani, kawaangalia kuku, akasema: "Mwanangu, hawa kuku wenu wanaogea wapi?" Ilikuwa masika, na masika ya Pemba mnayajua, ua zima tope. Kuku huoga vumbi. Anajifukia kwenye mchanga mkavu, anajipepeta mpaka unaingia kwenye ngozi, na kwa njia hiyo anapunguza wadudu mwenyewe. Sasa kama kila pahala ni tope, ataoga nini? Ndiyo maana pia koo anayelalia hujaa chawa kuliko wenzake, hatoki akaoga, na kuku aliyekatika mdomo naye hujaa kwa sababu hawezi kujichambua vizuri. Nikachukua tairi bovu la gari, nikaliweka chini ya kipenu pasipovuja, nikajaza mchanga mkavu na majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Yaliyopoa, tafadhali. Walianza kugombania tairi siku ile ile, jimbi kajifanya ndiye mwenye nyumba.

Lakini tairi ni kinga. Kuku aliyekwishajaa lazima atiwe dawa, na mimi nilinunua ya unga, ya wadudu wa kuku, duka la dawa za mifugo. Muuzaji wa mwanzo alitaka kunipa ya maji ya kupigia nyanya, eti ni moja. Si moja, nikaondoka. Pakiti niliyopata haikufika elfu kumi na nusu yake bado ninayo. Someni maandishi yake, hasa siku za kuacha kula mayai. Na kama imeandikwa permethrini, paka asisogee kabisa, inamuua, na samaki pia, kwa hiyo maji ya kunawia msiyamwage kisimani wala mtoni.

Sasa foronya. Shida ya unga ni kwamba ukimnyunyizia kuku juu juu anajikung'uta, nusu inaingia machoni mwako na nusu chini, kwenye ngozi haifiki kitu. Nilimtazama mtu mmoja akifanya hivyo, katoka mweupe yeye, kuku kabaki na rangi yake. Mimi nikachukua foronya kuukuu, nikatia unga kidogo ndani, nikamtia kuku mzima mzima, kichwa nje. Mdomo wa foronya unaushika shingoni kwa mkono mmoja, usikaze, na mkono wa pili unamsugua kutoka nje: chini ya mbawa, mapajani, mkiani, taratibu, na manyoya unayarudisha kinyume ili unga uingie ndani. Wala hapigi kelele, anatulia kakodoa macho. Ukimtoa, ana unga penye ngozi na wewe kanga yako safi. Nilijifunga mtandio puani juu ya hayo. Foronya hiyo msiirudishe kitandani, najua kuna watakaoirudisha.

Nilifanya usiku. Kuku gizani haoni mbele, unamchukua kwenye fito ukimchuma, mtoto anashika tochi ya simu. Na ni wote usiku mmoja, wazima na wagonjwa, jimbi kwanza maana ndiye anayepanda wote. Ukimwacha mmoja umewaacha chawa wote. Mapakacha ya kutagia nikayachoma asubuhi, nikasuka mapya, kwa sababu manyoya yenye mayai ya chawa hudondoka humo.

Halafu linakuja lile linalowashinda watu. Unga unaua chawa, mayai hauyaui. Yale mayai hupasuka ndani ya siku 4 hadi 7, na tangu yai mpaka chawa mzima anayetaga mwenyewe ni kiasi cha wiki 3. Kwa hiyo ukipaka mara moja ukashangilia, wiki ya pili wamerudi, nawe utakwenda barazani kusema dawa ni feki. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, kisha pekua, ukiona hata mmoja rudia tena. Vile vibonge vyeupe vitabaki kwenye manyoya muda mrefu hata kama ni vitupu, msiogope. Tazameni kinachotembea.

Vifaranga sikuwatia unga. Wao huambukizwa na mama yao akiwafunika, na chawa wao hupenda kichwani; kifaranga anasinzia, anazubaa, kisha asubuhi amekufa na unasema ni ugonjwa wa kideri. Hao tone moja la mafuta ya nazi utosini na chini ya shingo, limesambazwa kwa kidole. Tone. Kifaranga aliyelowa mafuta anapigwa na baridi, utakuwa umemuua wewe.

Na dada yangu aliyegoma kuingia kwangu mwezi mzima ajue kwamba chawa wa kuku hawakai kwa binadamu. Watakutembelea mkononi, watakuwasha, watakufa.

Hivi karibuni nimenunua jimbi mwengine kutoka Konde, mkubwa, mwekundu, na muuzaji kaapa hana kitu. Nikampindua pale pale mbele yake: vibonge. Akanipunguzia bei bila kubishana. Sasa yuko chini ya tenga kipenuni, mbali na wenziwe, keshaingia foronyani na atarudia. Anawika humo tangu kabla ya adhana, jirani wa ndoo analalamika, na simfungui mpaka nimpekue tena Ijumaa.