Zamu yangu siku ya ibada ya Dokta

Saa 12:00 asubuhi. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba unapenya hadi kwenye mifupa. Niko juu ya bodaboda, kitenge juu ya sweta. Jioni tuna ibada ya kumkumbuka Dokta wetu, bingwa wa upasuaji, lakini wagonjwa wapo na kazi iendelee.

Saa 2:00. Wa kwanza ni mzee wa Chamwino mwenye ngiri. "Mbukwa, babu," namsalimia. Nilizoea hivyo kwa Dokta. Kwao ni Bukoba, ila alijifunza Kigogo ukubwani. Alisema mzee anayeogopa kisu asiogopeshwe na lugha pia.

Saa 3:00. Kabla ya ganzi ya mgongoni, daktari kijana anamuuliza babu jina lake na upande unaouma. Babu anagusa kinena cha kulia. Maswali haya yamo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na kuna wanaoisoma mbiombio. Dokta hakukubali. Alitaka mgonjwa ajibu mwenyewe, kwa mdomo na kwa mkono.

Saa 4:15. Kabla ya kufunga, tunahesabu gozi, vitambaa vya kufyonza damu, kwa sauti. Zimetimia. Siku moja, enzi za Dokta, moja ilipungua. Aliweka sindano chini, hakumfokea mtu. "Tutafute. Hatufungi." Tuliikuta imenata chini ya beseni.

Saa 7:00 mchana. Ugali na mlenda, haraka. Saa hii ndiyo aliyokuwa akisimama koridoni na kofia yake ya kijani, akimpigia mkewe kuuliza kama watoto wamesharudi shule. Jumamosi walikuwa wote shambani Hombolo, kwenye zabibu. Ikiitwa dharura, alikuja na kitinda mimba wake. Mtoto alilala kwenye kochi la wauguzi, amefunikwa koti la baba.

Saa 10:30 jioni. Ibada. Yule mtoto sasa kanipita kimo. Ananishika mkono: "Shangazi, lile kochi bado lipo?" Lipo. Nimeshindwa kusema zaidi, nimemkumbatia tu.

Saa 3:00 usiku. Dokta hakulala bila kupiga simu wodini, nami siwezi tena kulala bila hiyo simu. Ganzi ya mgongoni huweza kuzuia mkojo kwa muda, kwa hiyo huo ndio nauulizia kwanza.

"Babu wa Chamwino ameshakojoa?"

"Tayari, Sista. Sasa anadai uji."