Pikapu ya zamani: ukiimarisha kimoja, mzigo unahamia kwa jirani

Pikapu ya zamani ilipotoka kiwandani, kila kifaa kilipimwa kwa kumtazama mwenzake. Dainamo ndogo iliwekewa taa hafifu, taa hafifu zikawekewa nyaya nyembamba, na breki za dramu zikapewa gari ambalo injini yake isingelikimbiza sana. Kutengeneza gari la aina hii ni kurudisha kitu mahali pake. Kuliboresha ni jambo jingine kabisa: unaongeza nguvu mahali pamoja, na nguvu hiyo inakwenda kumwegemea jirani ambaye hakuandaliwa kuibeba. Nimeshinda na wazo hilo leo, na kila ninapoligeuza naona ndilo linaloeleza hitilafu nyingi za karakana za nyumbani.

Naanza na umeme, kwa kuwa ndiko moto unakotokea.

Dainamo ya miaka ya 1950 hutoa takriban ampea 30 hadi 35, na injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) karibu haitoi kitu. Mtu akiitoa na kufunga alteneta, mrithi wa dainamo, ya ampea 63 hufurahi kuona betri inajaa hata gari likiwa limesimama. Shida iko kwenye dashibodi. Katika pikapu kama za Dodge za miaka ya 1960 na 1970, mkondo wote wa kuchaji hupita ndani ya ameta (kipima ampea), tena hupitia kiunganishi cha plastiki kwenye ukuta wa injini. Betri ikiwa tupu, alteneta mpya inasukuma ampea zake zote kupitia vituo vilivyokwisha kuota kutu. Vinapata joto, plastiki inayeyuka, na harufu ndiyo habari ya kwanza.

Dawa yake ni waya mpya wa milimita za mraba 10 kutoka kwenye mdomo wa alteneta moja kwa moja hadi chanya ya betri, pamoja na fyuzi kubwa ya ampea 80 karibu na betri, si karibu na alteneta, maana chanzo kinachoweza kuwasha moto waya ukikwaruzwa ni betri. Ameta iondolewe kwenye njia hiyo na nafasi yake ichukuliwe na voltimeta. Injini ikizunguka juu kidogo ya sailensa, unataka kusoma volti 13.8 hadi 14.4. Ikisoma chini ya 13.2, tazama mkanda na ethi (nyaya za kurudishia umeme kwenye betri) kabla ya kulaumu alteneta. Ikipita 14.8, regyuleta imekufa na betri itachemka.

Walio na mfumo wa volti 6 wana hatua moja zaidi. Chevrolet walihamisha pikapu zao kwenda volti 12 mwaka 1955, Ford mwaka 1956, na Ford za kabla ya hapo zilikuwa na chanya kwenye bodi. Ukifunga alteneta, hasi lazima iende kwenye bodi. Ukisahau na kuunganisha betri kinyume, diodi zilizo ndani ya alteneta zinaungua papo hapo. Balbu zote, koili, flasha na mota ya hita hubadilishwa au kuwekewa kipunguza volti. Stata ya volti 6 huvumilia volti 12 ikiwa utaishika kwa sekunde chache tu; ukiishikilia kwa muda mrefu unaipika.

Ethi ni jambo dogo linalopoteza muda mwingi kuliko lolote. Ziwe tatu: betri kwenda injini, injini kwenda chesi, chesi kwenda kebini. Injini na kebini zimekaa juu ya raba, kwa hiyo bila mkanda wa waya umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya pedali ya mafuta au nyaya za geji. Kupima ni rahisi: multimeta kwenye volti, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bodi ya injini, kisha mwenzako apige stata. Zaidi ya volti 0.5 ina maana kuna kutu au rangi chini ya nati. Kwarua hadi chuma kiwe cheupe, funga, kisha paka grisi juu yake.

Taa za mbele zinafuata. Balbu mbili za H4 zikiwa kwenye mwanga mkali hunywa wati 120, yaani kama ampea 10, na katika magari mengi ya zamani mkondo huo wote hupita kwenye swichi ya dashibodi. Volti ikipungua kwa asilimia 10 njiani, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana watu hununua balbu zenye wati nyingi zaidi na hawaoni tofauti, ila swichi ndiyo inayoungua. Tumia rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) mbili, moja ya mwanga wa chini na moja ya mwanga mkali. Namba 30 iende kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15, namba 87 iende kwenye balbu, 85 iende ethi, na 86 ipokee waya wa zamani wa swichi. Swichi sasa inabeba mkondo wa kuamsha rilei tu, ambao haufiki hata nusu ampea.

Breki. Hapa nitakaa.

Kwa maoni yangu hakuna farasi hata mmoja anayepaswa kuongezwa kwenye injini kabla ya breki kufanyiwa kazi. Pikapu za Chevrolet zilipata masta silinda (pampu kuu ya breki) ya mizunguko miwili mwaka 1967. Kabla ya hapo bomba moja likipasuka popote, pedali inakwenda sakafuni na magurudumu yote manne hayana breki. Diski za mbele zilikuja kama kifaa cha kawaida mwaka 1971. Basi anayemiliki gari la kabla ya hapo ana kazi mbili, na ya kwanza ni masta silinda ya mizunguko miwili, hata kama atabaki na dramu.

Akiamua diski, majirani wanaanza kulalamika mmoja baada ya mwingine. Rimu ni wa kwanza: kalipa nyingi (vibanio vya diski) zinahitaji rimu ya inchi 15. Wa pili ni stadi, bolti za kushikia gurudumu. Chevrolet C10 za hadi 1970 zina stadi sita, na kuanzia 1971 zina tano. Ukichukua mfumo wa mbele wa gari la 1971 ukaufunga kwenye la zamani zaidi bila kugusa nyuma, unaendesha gari lenye tano mbele na sita nyuma, na tairi moja ya akiba haitakufaa kotekote.

Wa tatu ni masta silinda yenyewe. Masta ya dramu mara nyingi ina vali ndogo inayobakiza shinikizo kwenye bomba ili vikombe vya mpira visivute hewa. Shinikizo hilo, kama bar 0.7, ni sawa kwa dramu kwa kuwa springi za brekishuu zina nguvu kulishinda. Diski hazina springi za kurudisha pedi. Zikiachiwa vali hiyo hukwaruza muda wote, zinapata joto, na mafuta ya breki yanachemka. Kwa upande wa diski iondoe. Lakini ikiwa masta iko chini ya sakafu, kama katika pikapu nyingi za miaka ya 1950, kalipa ziko juu yake na mafuta hurudi chini kwa uzito wake. Pedali ya kwanza asubuhi inazama. Hapo weka vali ya bar 0.14 kwenye mzunguko wa diski na ya bar 0.7 kwenye ule wa dramu. Zinauzwa zikiwa zimeandikwa psi 2 na psi 10 (psi ni kipimo kingine cha shinikizo), na watu huzibadilisha kwa bahati mbaya, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kukaza.

Kipenyo cha masta nacho kina hesabu yake. Kikiwa kikubwa pedali inakuwa ngumu na fupi. Kikiwa kidogo inakuwa laini na ndefu. Bila busta (kifaa kinachosaidia mguu kusukuma), inchi 1 inafaa magari mengi, na pedali ikuze nguvu ya mguu mara sita hivi. Ukifunga busta, mara nne inatosha; ukiacha mara sita, gari linakuwa na breki za kushtua.

Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta acha uwazi wa milimita 1 hadi 2. Hili nalisisitiza kwa sababu dalili yake hudanganya. Bila uwazi, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye chupa hakifunguki. Kila unapokanyaga, shinikizo linabaki, breki zinajikaza zenyewe kadiri zinavyopata moto, na baada ya kilomita chache gari halisogei. Mtu anafungua kalipa, anabadilisha mipira, na kosa liko kwenye nati ya fimbo. Bomba la mpira la zamani lililovimba kwa ndani huleta dalili inayofanana, kwani huruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Kutofautisha: breki zikiwa zimekaza, fungua kidogo bomba linapoingia masta. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu. Lisipoachia, fungua nipo (kitundu cha kutolea upepo) ya kalipa. Likiachia hapo, mpira umekwisha.

Mabomba yawe ya inchi 3/16, ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hukunjika vizuri bila kuota kutu. Magari ya Kimarekani yanataka mdomo uliokunjwa mara mbili kwa nyuzi 45; mengi ya Ulaya yana mdomo wa umbo la uyoga. Mdomo wa aina moja kwenye nati ya aina nyingine unaweza kukaza bila kuvuja siku ya kwanza. Viungio vya kubana kwa pete, vile vya mabomba ya maji, havina nafasi kwenye breki.

Kutoa upepo kuanze mezani: masta ifungwe kwenye vaisi ikiwa sawasawa, isukumwe taratibu mafuta yakirudi kwenye chupa yake hadi mapovu yaishe. Kisha garini, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta na umalizie la karibu. Pedali ikibaki laini baada ya lita nzima ya mafuta, tazama nipo za kalipa. Lazima ziwe juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto inakaa vizuri kabisa ila nipo inakuwa chini, na hewa iliyo juu haitatoka hata ukipampu hadi kesho. Kati ya aina za mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 huchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo.

Mwisho wa breki ni vali ya mgawanyo. Pikapu tupu ina mgongo mwepesi, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema na mkia unakuja mbele. Funga vali inayorekebishika kwenye bomba la nyuma, nenda mahali patupu, na punguza hadi ya mbele yajifunge kabla ya ya nyuma.

Upozaji nitaupitia haraka, maana kanuni ni ile ile. Kifuniko cha rejeta cha psi 7 kikibadilishwa kwa cha psi 15, maji yanachemka kwenye joto la juu zaidi, lakini rejeta ya hita iliyo ndani ya kebini nayo inapokea psi 15. Ikipasuka, miguu ya dereva ndiyo inayojua. Ukiongeza kifuniko, badilisha mipira yote na upime rejeta ndogo kwanza.

Pleti za platini (zinazokata na kuunga umeme wa cheche) zikiondolewa na kufungwa moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta, jirani ni waya wa kupunguza volti unaoelekea koili. Moduli nyingi zinataka volti 12 kamili. Ukiilisha kupitia waya huo, gari litawaka vizuri na kukatika likipata moto. Vuta waya mpya kutoka kwenye swichi.

Kuhusu kushusha mgongo wa gari: vipande vya chuma kati ya ekseli na springi vinabadilisha mwelekeo wa propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma. Kama giyaboksi inainama nyuzi 3 kwenda chini, pua ya difu (gia za ekseli ya nyuma) iinuke nyuzi 3, au moja pungufu, kwa kuwa springi hujipinda unapokanyaga mafuta na kuiinua zaidi. Rekebisha kwa kabari za chuma. Mtetemo unaokuja kwa mwendo mmoja tu na kupotea unaweza kuwa dalili ya pembe hizo. Vipande visipandishwe juu ya vingine, na yu-bolti za zamani zisirudishwe, zilishavutika.

Kutu ya kebini ina kanuni ileile kwa sura nyingine. Pembe za nyuma na vizingiti chini ya mlango hubeba uzito, kwa hiyo kabla ya kukata chochote chomelea fito ndani ya uwazi wa mlango, la sivyo kebini itajikunja na mlango hautafunga tena. Bati la milimita 0.8 hadi 1 lichomelewe kwa waya wa 0.6, nukta moja kila sentimita 3, ukiruka upande hadi upande na kuacha lipoe. Mstari mrefu mmoja unalikunja bati kama karatasi. Betri na alteneta viwe vimetolewa, na tangi la mafuta, ambalo katika C10 za 1960 hadi 1972 liko nyuma ya kiti, liwe nje ya gari na mbali. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Baada ya yote, kilomita 80 za kwanza ni za kukaza. Chora mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye bolti yake: yu-bolti, kalipa, magurudumu, tai rodi. Ukirudi, mstari uliovunjika unauona kwa tochi bila kugusa spana. Nati ya yu-bolti yenye mstari uliovunjika usiikaze tu ukaondoka; ifungue utazame kitako cha springi, kwa kuwa mara nyingi kilichosogea ni rangi au kutu iliyokuwa imebanwa katikati, na itaendelea kulegea kila wiki hadi isafishwe.