Dera, mtandio na gurudumu la nyuma

Dada zangu na mama zangu wa Mtwara, hili la dera kwenye bodaboda linaniumiza roho. Unatoka Chikongola kwenda Mikindani, msimu wa kusi huu, upepo unaingia ndani ya dera linajaa kama tanga, na ile ncha ya chini inapepea palepale kwenye cheni na spoku. Ikinaswa tu gurudumu linaikusanya nguo yote fasta, unavutwa nyuma unaanguka kwenye lami na dereva hata hajajua kuna nini.

Wengi tunakaa upande, miguu kushoto, tunakimbia bomba la moshi lisituunguze kulia. Sawa, ila cheni kwenye hizi Boxer na TVS iko hukohuko kushoto! Ndo maana India zinakotoka sheria inataka kuwe na kinga inayofunika walau nusu ya gurudumu la nyuma, kwa ajili ya nguo za abiria hasa. Sasa nyie vijana wa boda mnaoifungua kinga, irudisheni jamani.

Mtandio ndo unanitisha zaidi maana uko shingoni, ule ukinaswa unakaba. Ingiza ncha zake ndani ya nguo au ufunge kichwani kabisa. Dera likunje, likalie, ndani vaa suruali. Mtoto mgongoni? Hakikisha mbeleko haining'inii.

Na nguo ikinaswa usivutane nayo, piga kelele dereva asimame, azime injini, mkate nguo. Dera utanunua lingine.