Nyanya Ziligoma, Matembele Yakatoka

Nilipohamia Houston, Texas, kutoka Muheza watu walinionya kuhusu joto, nikacheka moyoni. Mtu wa Tanga unamtisha na joto? Julai ya kwanza nikashika jembe saa sita mchana, kandambili miguuni, chupa moja ya maji. Haikupita nusu saa nikawa nimekaa chini kando ya bomba la nyuma ya nyumba, naona nyotanyota, mke wangu ananimwagia maji kichwani huku ananigombeza: "Baba Zuhura, unataka nisafirishe maiti?"

Nyuzi 36 au 37 zenyewe si ajabu. Kinachoua ni unyevunyevu. Kwetu mchana upepo wa bahari unakuja, unakaa chini ya mwembe, unapumua. Houston iko mbali kidogo na pwani. Mvuke wa Ghuba ya Meksiko unafika, upepo ukifika umeshachoka. Jasho halikauki, linakuganda tu mwilini kama mafuta ya nazi. Halafu siku ni ndefu mno. Mwezi Juni saa mbili usiku, wakati nyumbani watu wameshakula, hapa jua bado linakutazama. Sasa hivi naingia bustanini jua likichomoza, na saa mbili asubuhi nimeshatoka. Anayetaka kulima mchana, alime.

Mwaka ule nilipanda nyanya mwishoni mwa Mei. Miche ikanawiri, maua ya njano tele, na kila asubuhi nayakuta yamelala chini. Nikaongeza maji, nikaongeza mbolea, ikawa kama namlisha mgonjwa wa meno. Kumbe usiku ukikaa na joto la nyuzi 24 na zaidi, chavua ya nyanya inashindwa kazi, ua linadondoka bila kushika tunda. Na hapa katikati ya kiangazi hata alfajiri joto haliteremki sana kuliko hapo. Wenyeji hutoa miche nje mwishoni mwa Februari au Machi, Juni wameshavuna. Dukani lakini miche inaendelea kuuzwa tu, na muuzaji hakuulizi unaipeleka wapi.

Udongo nao una visa vyake. Ni mfinyanzi mweusi, ukilowa unakuvua kiatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia kidole. Wenyeji wanauita gambo. Ni jina lilelile la mchuzi mzito wa bamia wa Louisiana, na asili yake ni Kibantu: ng'ambo ile ya Angola bamia huitwa kingombo, na neno likavuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Yaani mimi Mbantu mzima nilikuwa nasumbuka na nyanya juu ya udongo wenye jina la bamia.

Nilimpigia mama kulalamika. Akacheka kwanza: "Mwanangu, umepanda ndege kwenda Marekani kulima?" Kisha akauliza kama nimepiga matuta. Sikupiga. Nilikuwa nimepanda sesa, mizizi inaoza mvua ikinyesha. Hapa watu wanatengeneza masanduku ya mbao kwa mamia ya dola, wanajaza udongo wa kununua, kumbe kazi yake ni ileile ya tuta: maji yasituame.

Matembele niliyapata uzioni. Jirani yangu ni bibi wa Kivietinamu, Kiingereza chake na changu vinakutana mara chache. Jioni moja namwona anakata vikonyo, anavipanga mkononi kama kichala. Nikayatambua yale majani kabla sijaliona tuta. Nikamwonyesha kwa mkono: yanaliwa? Akajibu kwa mkono: yanaliwa, akafanya kama anakaanga. Akanipitishia juu ya uzio fungu zima limefungwa kwa kamba ya plastiki. Nilivichomeka jioni hiyohiyo, vikalala siku mbili kama vimekufa, ya tatu vikanyanyua vichwa. Mwezi mmoja baadaye tulikuwa tunayapika na nazi ya kopo.

Tangu hapo nimeacha ubishi. Kiangazi hapa ni cha matembele, kunde, bamia, mchicha na pilipili. Bamia hasa imenizidi kimo. Ua linafunguka asubuhi, njano na moyo wa zambarau, na mchana limeshafunga. Ukiruka siku mbili bila kuchuma, tunda linakuwa kuni. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliilaza yote na kutuachia giza siku tano. Nikainyanyua mche mmoja mmoja kwa vijiti, ikaendelea kuzaa imepinda hivyohivyo.

Mchicha ndio ulioniletea kesi. Niliupanda mbele ya nyumba, nikapata barua ya uongozi wa mtaa: ondoa magugu ndani ya siku kumi. Sikuwalaumu sana. Texas wakulima wa pamba wanakosa usingizi kwa sababu ya jamii za mchicha zinazovamia mashamba yao. Nikaung'oa, nikauchambua, tukaula na ugali. Kisha nikapanda mwingine nyuma.

Ushauri mmoja kwa mgeni: vaa buti. Kuna sisimizi wekundu wanaojenga vichuguu vya udongo laini, ukikanyaga wanapanda kimyakimya halafu wanauma wote kwa pamoja. Kesho yake kila alama ina kijipu cheupe. Kandambili zangu siku hizi zinaishia mlangoni.

Kilichobaki ni mnavu. Kama kuna mtu maeneo ya Houston ana mbegu, matembele ninayo ya kubadilishana, na bamia nitakuongezea bure. Za nyumbani usinifungie kwenye begi. Za mama ziliishia mezani kwa afisa wa uwanja wa ndege, pamoja na soksi alizozifichia.