Madoa ya jua, Mbeya: magharibi imepatikana

Nilikuwa nashindwa kujua upande wa magharibi kwenye michoro yangu ya madoa ya jua, yaani mabaka meusi usoni mwake. Sasa imekubali. Michoro ya siku nne mfululizo sasa inalingana: doa kubwa linasogea magharibi takriban digrii 13 kwa siku, halipandi wala halishuki. Mwanzo lilionekana leo kaskazini mwa ikweta ya jua, kesho kusini, jambo ambalo doa haliwezi kulifanya.

Vifaa havijabadilika: darubini ya lenzi ya mm 70, fokasi (umbali wa lenzi hadi taswira) mm 700, lenzi ya jicho ya fokasi mm 25, na karatasi sm 61 nyuma yake ya kupokea taswira ya jua. Kwenye karatasi jua linatoka na kipenyo cha sm 15, kwa hiyo milimita 1 ni zaidi ya kilomita 9,000. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 10, doa lililo sm 6 kutoka katikati linahama zaidi ya kilomita 90,000!

Miongozo mingi imeandikwa kwa watu wa Ulaya, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Mbeya linapita utosini mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Juni liko kaskazini, Desemba kusini. Na kwa stendi isiyofuata mhimili wa dunia, jua likikaribia utosini taswira huzunguka zaidi ya digrii 1 kila dakika. Mchoro wa dakika 10 unaharibika ukiwa bado mkononi.

Kilichofanya kazi ni kuchora saa 2 asubuhi, jua likiwa bado mashariki na hewa haijaanza kuchemka juu ya mabati. Darubini isiguswe. Tia nukta kwenye doa, subiri sekunde 60, tia nyingine: litakuwa limetembea kama sm 7, na linakoelekea ndiko magharibi. Kisha sukuma bomba taratibu kuelekea kaskazini, yaani kushoto ukiwa umetazama jua; ukingo unaotoka kwanza kwenye duara la mwanga ni wa kusini. Rudia nukta ukimaliza kuchora. Mistari miwili ikipishana zaidi ya digrii 2, mchoro huo tupa. Halafu ndipo usahihishe mwinamo wa mhimili wa jua, unaofika digrii 26 mwanzoni mwa Aprili na Oktoba.

Lenzi ya jicho iwe ya Huygens, yaani ya vioo viwili visivyogundishwa. Zilizounganishwa kwa gundi huharibika kwa joto, na za fremu ya plastiki huyeyuka.

Spektroskopu ya kipande cha CD, kifaa cha kutawanya mwanga kwa rangi, nimeiweka kando. Mtiririko wa plazma (gesi moto yenye chaji ya umeme) kwenye ukingo wa kijivu wa doa, aliougundua John Evershed kule Kodaikanal, India, mwaka 1909, ni wa kilomita chache kwa sekunde. Mwendo wa kilomita 2 kwa sekunde unasogeza mstari mweusi wa chuma kwenye rangi za mwanga wa jua, wa urefu wa wimbi nanomita 630, kwa nanomita 0.004 tu, na CD haiwezi kuutenganisha. Ila kwa kuwa mwelekeo sasa unaaminika, kundi changa la madoa linapimika: doa la mbele na la nyuma huachana siku za mwanzo, wakati nguvu ya sumaku inapopanda kutoka ndani ya jua. Kuanzia kesho kila doa la kundi linapata nukta yake.