Mji mkuu wa kale wa kubuni: chora mpango kamili, kisha uuharibu

Ukibuni nchi yenye sura ya Japani, iwe ya riwaya, katuni au mchezo wa kompyuta, mji mkuu wake wa zamani ndio utakaokuumbua mapema. Wengi huweka kasri katikati, wakalizungushia handaki na kuta za mawe, kisha wakatawanya pagoda (minara ya mahekalu) kila kona. Huo ni mji wa mabwana wa vita wa karne za baadaye. Mji wa Kaisari ulikuwa kitu kingine, na kielelezo chake bora ni Heian-kyo, yaani Kyoto ya leo, ulioanzishwa mwaka 794.

Chukua karatasi ya A2 na uipigie mistari kama daftari la hesabu: sentimita 1 kwa mita 120. A3 haitoshi, kwa sababu mji ulikuwa na upana wa kilomita 4.5 hivi na urefu wa 5.2 kutoka kaskazini hadi kusini. Barabara kuu ya Suzaku, yenye upana wa mita 84, itakuwa milimita 7. Barabara kubwa za kawaida zilikuwa na mita 24, ndogo 12. Kasri liweke juu kabisa, katikati ya ukingo wa kaskazini, likiwa na ukubwa wa kilomita 1.2 kwa 1.4. Kaisari huketi akitazama kusini, kwa hiyo nusu ya mashariki huitwa Mji wa Kushoto na ya magharibi Mji wa Kulia. Ukiyageuza haya kwenye ramani, msomaji anayejua atacheka.

Sasa, kosa ambalo hata wapimaji wa zama hizo walilifanya. Heijo-kyo, mji mkuu wa awali huko Nara (710–784), ulipimwa kutoka katikati ya barabara moja hadi katikati ya nyingine. Matokeo yake, kila kitalu kilichopakana na barabara pana kilimegwa, na viwanja havikulingana. Heian-kyo waligeuza hesabu: kila kitalu kilipewa mita 120 kamili kila upande, ndipo upana wa barabara ukaongezwa juu yake. Kitalu kiligawanywa viwanja 32, kila kimoja kama mita 15 kwa 30. Mtu wa kawaida alipewa kimoja. Mkubwa wa baraza aliweza kupata kitalu kizima. Kwa hiyo cheo cha mhusika wako kinasomeka kwenye ramani kabla hajafungua mdomo.

Usisahau mteremko. Fujiwara-kyo (694–710), mji mkuu wa kabla ya Heijo-kyo, ulikuwa na kasri katikati, na ardhi yake ilishuka kutoka kusini, hivyo maji machafu ya wakazi yalielekea kwa Kaisari. Kumbukumbu za mwaka 706 zinalalamikia uvundo mjini. Kyoto ni juu kaskazini, chini kusini, na mitaro iliyopita kando ya barabara ilifuata mteremko huo.

Mahekalu ya Kibudha yapunguze. Ndani ya mji yaliruhusiwa mawili tu rasmi, To-ji na Sai-ji, kila moja upande wake wa lango la kusini, Rashomon. Mengine yalienea nje, ng'ambo ya mto Kamo na milimani. Masoko pia yalikuwa mawili: la mashariki liliuza nusu ya kwanza ya mwezi, la magharibi nusu ya pili, na yote yalifunguliwa adhuhuri na kufungwa jua likitua. Kwa mtunzi, kalenda hiyo ni zawadi.

Ukishamaliza, chukua kifutio, maana mpango ulionyooka bado haujawa mji wa kale. Anza na magharibi: bonde la mto Katsura lilikuwa na unyevu, watu wakahama, na kufikia mwaka 982 mwandishi mmoja wa baraza alieleza jinsi Mji wa Kulia ulivyobaki karibu mahame huku watu wakisongamana mashariki. Rashomon liliangushwa na dhoruba mwaka 980 na halikujengwa tena. Makazi ya Kaisari yaliezekwa kwa magome ya mti wa hinoki, kwa hiyo moto ulikuwa mgeni wa mara kwa mara; ule wa mwaka 1177 uliteketeza ukumbi mkuu wa dola, nao haukujengwa tena. Makaisari wakawa wanakaa katika majumba ya wakwe zao, na kasri la leo liko karibu kilomita 2 mashariki ya lile la kwanza.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Onin (1467–1477) mji ulibaki vipande viwili, juu (kaskazini) na chini (kusini), na mashamba kati yake. Ukuta wa kuuzunguka ulikuja mwaka 1591 tu, tuta la udongo la kama kilomita 22 lililojengwa na mbabe wa vita aliyetawala Japani, Toyotomi Hideyoshi, ambaye pia alipitisha njia mpya katikati ya vitalu vingi vya zamani. Kwa hiyo kwenye ramani yako ya sentimita 1 kwa mita 120, vitalu vya sehemu hizo vikate kwa mstari wa wima: vitakuwa vyembamba, mita 60 kwa 120.