Pauni 776 umeshazilipa

Tangu Februari 2024, anayeomba viza ya masomo ya Uingereza hulipa pauni 776 kwa kila mwaka atakaokaa, mbali na ada ya viza yenyewe, ili atibiwe na NHS, huduma ya afya ya taifa lao. Nimekuja likizo Mtwara, na kila kijana anayejiandaa kuondoka Septemba ananilalamikia hela hiyo. Ina haki ya kuuma. Ila ujue umenunua nini, maana wengi wetu tunalipa, tunafika, halafu tunaumwa chumbani kimyakimya kana kwamba daktari ni wa wenyeji tu.

Mimi nilipata sonona. Nilikuwa Leeds, mwaka wa mastazi, Desemba, wakati jua linazama kabla hata ya saa kumi alasiri. Kazi za muhula wa kwanza zilikuwa zinatakiwa Januari, zimefuatana kama zimepangwa na adui. Huko kazi hukabidhiwa mtandaoni, na saa ikigonga imegonga. Hakuna kwenda ofisini kwa mwalimu na shikamoo yako. Ukichelewa bila ruhusa, maksi zinakatwa.

Nyumbani Tandahimba ilikuwa msimu wa korosho. Ada yangu ilitoka kwenye mikorosho ile: baba alitoa chake, mjomba akatoa zaidi, na malipo ya mnada yalipoingia kupitia amcos, chama cha ushirika cha wakulima, hayakukaa benki hata kidogo, yalikwenda chuoni. Asiyetoka kusini huenda asielewe uzito wa mjomba hapo. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Kumwangusha mjomba si jambo la kusema "samahani" likaisha. Basi mama akituma voisi, "Mwanangu, masomo yanaendaje?", najibu "Salama mama," nikiwa kitandani na nguo za juzi.

Nilikuwa nasoma sentensi moja mpaka macho yanauma, na nikiulizwa imesema nini, sijui. Nikaacha kupika. Nikaacha kufungua baruapepe za chuo, kwa sababu kila moja niliiona kama barua ya kufukuzwa. Kibaruani nilikuwa naenda, hilo ndilo la ajabu. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na zile zangu zote nilibeba boksi bila kukosa. Mwili ulikubali kazi ya mikono, kichwa kikagoma. Kwa hiyo ukimwona mwenzio anakwenda kazini na kurudi, usiseme huyo ni mzima.

Ikafika usiku nikawa naona afadhali nisiwepo. Dada mmoja wa Tanga, chumba cha jirani, ndiye aliyegonga mlango. Alikuwa hajasikia harufu ya mapishi yangu kwa muda. Hakuniuliza maswali mengi. Alinichemshia uji, akakaa, akapiga 111 na kuchagua 2, ambayo kwa England ndiyo njia ya kumpata mtu wa afya ya akili, saa yoyote ya usiku au mchana. Tukaweka simu katikati yetu, nikaongea.

Namba nyingine alizoniandikia siku ile nazitoa hapa. Ni 116 123, ya Samaritans, bure, saa 24, kwa mtu anayetaka kusikilizwa tu bila kuhukumiwa. Na 999 kama maisha yako hatarini sasa hivi. Ziingizeni kwenye simu mkiwa bado Mtwara. Siku unayozihitaji ndiyo siku ambayo huna nguvu ya kutafuta kitu.

Kesho yake nikaenda kwa GP, daktari wa mtaani. Kujiandikisha kwake ni bure, na lifanyeni wiki ya kwanza, msingoje kuumwa. Daktari aliniuliza waziwazi kama nafikiria kujidhuru. Nilinyamaza muda mrefu. Sisi tumekua tukijua kwamba kujaribu kujiua ni kosa, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Mtu aliyelelewa na hofu hiyo, tena yuko nchi ya watu kwa viza, hawezi kujibu swali kama hilo haraka. Kwao England kosa hilo lilifutwa mwaka 1961. Daktari anauliza ili ajue akusaidie vipi, na hata hapa kwetu daktari haulizi ili akupeleke polisi. Nikamwambia ukweli. Tukapanga pamoja nimpigie nani hali ikirudi, niweke nini mbali nami, nirudi kwake lini. Akaniandikia vidonge na kunionya kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Nililipa pauni 9.90 dirishani, walioko Scotland na Wales hawalipi kitu.

Sasa masomo, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kila mwanafunzi ana mwalimu mlezi. Mimi nilishindwa kumwandikia kwa sababu nilitaka kuandika kwa adabu ya kwetu, nimsalimie, nimweleze tangu mwanzo, niombe radhi. Kila rasimu inakua barua ya kurasa mbili, naifuta. Yule dada wa Tanga akanipokonya kompyuta, akaandika mistari mitatu: siko vizuri kiafya na nimemwona daktari, sitaweza kukabidhi kazi ya tarehe fulani, naomba unielekeze nianzie wapi. Ikatosha. Mwalimu alijibu siku ileile na fomu ndani yake.

Fomu hiyo ina majina tofauti chuo na chuo, lakini kazi yake ni moja: kuomba muda zaidi, au kuomba chuo kizingatie kwamba ulikuwa mgonjwa. Ijazwe kabla ya tarehe ya kukabidhi. Ikishapita unatakiwa ueleze pia kwa nini umechelewa kueleza, na hapo mgonjwa anachoka mara mbili. Vyuo vingi huruhusu siku chache kwa maelezo yako mwenyewe tu, na zikizidi wanataka barua ya daktari. Kwenye mitihani kuna mtego: katika vyuo vingi, ukiingia chumba cha mtihani umetangaza kuwa u mzima, kwa hiyo usijikaze ukaingia ukidhani utajitetea baadaye. Na kama hali ni ya kudumu, kwa miezi 12 au zaidi, sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 inaweza kuitambua kama ulemavu, na chuo kinawajibika kukuwekea utaratibu wa kudumu usiokutaka uombe upya kila mara. Neno hilo linatutisha sisi. Lichukueni.

Kuongezewa muda na kusimamisha masomo ni vitu viwili. Chuo ndicho mdhamini wa viza yako, na ukisimama masomo kinapaswa kuiarifu serikali. Viza inaweza kukatwa. Kabla ya kusaini kusimama, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mimi nilishauriwa nibaki, nikabidhi kwa mafungu, na ndivyo nilivyomaliza.

Ushauri nasaha wa chuo una foleni, na vikao ni vichache. Mshauri wangu alikuwa mtu mwema kabisa, isipokuwa siku moja alinishauri niweke mipaka na mjomba wangu. Nilimwangalia tu. Mengine aliyonipa yalinisaidia, hilo nikaliacha palepale mezani kwake.

Maana mjomba nilimpigia mwenyewe. Mama nilishamwambia, na yeye akaenda kwa shehe kunisomea dua, akihisi nimekumbwa na jini. Sikubishana. Dua niliipokea na vidonge nikaendelea navyo. Kwa mjomba ndiko nilikoogopa, kwa sababu huku kwetu ukitaja ugonjwa wa akili mtu anawaza hospitali ya Mirembe, Dodoma, na kufungwa kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umenyamaza sana wewe."

Nikamweleza kwamba naumwa, nimelemewa, sitamaliza pamoja na wenzangu. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza nakumbuka mwaka 2018. Nani asiyekumbuka huku? Wakulima waligomea bei za mnada, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na wapo waliongoja malipo mpaka wakachoka.

"Korosho zilikaa ghalani," akasema. "Zilioza? Na wewe kaa. Ila ule."

Vijana wa hapa nyumbani wananiuliza zaidi kuhusu baridi na vibarua. Mtoto wa mjomba peke yake, anayeondoka Septemba, ndiye aliyeuliza la maana: ukifiwa je, wanakuongezea muda? Wanaongeza. Lakini watataka karatasi, na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, hakipatikani kesho yake. Aliyeko nyumbani aombe barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, aipige picha aitume, na wewe uambatishe tafsiri huku ukieleza kwamba cheti kinafuata. Tena fomu nyingi zinahesabu ndugu wa karibu kuwa wazazi, watoto, mwenzi na waliozaliwa nawe. Mjomba hayumo. Usiandike "mjomba" ukaacha hivyohivyo. Andika mjomba aliyenilea na kunilipia ada, halafu mwalimu mlezi umweleze kwa mdomo jinsi ukoo wenu ulivyo.